Mwongozo Kamili: Kutundika Maonyesho ya Pamoja Yanayokua Ukumbini kwa Wiki Nane

Maonyesho ambayo wageni wenyewe wanaongeza kazi hufa kwa njia mbili. Ya kwanza: usiku wa uzinduzi watu wanafurika, kila mmoja anabandika chake, ikifika saa tatu ukuta umejaa, na wiki zote zinazofuata anayekuja hana pa kuweka mkono. Ya pili: ukuta mweupe, kalamu mezani, tangazo la "Karibu ushiriki", na hakuna anayethubutu kuwa wa kwanza.

Kosa ni lilelile katika yote mawili. Ukumbi umetundikwa kama maonyesho ya kawaida, kazi ikahesabiwa imekwisha mlango ulipofunguliwa. Maonyesho yanayokua yanahitaji mlango wa kuingilia kazi mpya, mahali pa kuhamia kazi ya zamani, na mtu wa kuyahudumia kila siku. Yote matatu hupangwa kabla ya msumari wa kwanza.

Mfano tutakaoufuata ni wa vitambaa. Ukumbi ni wa mita 8 kwa 6, dari haipungui mita 2.7, na Jumatatu ni siku ya kufunga. Mgeni anachukua kipande cha kanga, anakishonea kiraka cheupe chenye neno au mchoro wake, kisha anakianika kwenye kamba. Kila Jumatatu vipande vya zamani vinateremshwa na kushonewa kwenye pazia. Pazia likikamilika linaning'inizwa katikati ya ukumbi. Kamba hujaa na kupungua, mapazia huongezeka, na anayerudi baada ya wiki mbili anakuta ukumbi mwingine.

## Mahitaji

Vitambaa na ushonaji
- Kanga doti 6 za pamba tupu, kila doti na jina lake
- Amerikani mita 16, upana usiopungua sentimita 110
- Uzi wa pamba wa rangi nne, roli 10
- Sindano 24 za mkono zenye tundu kubwa, na sumaku moja
- Mikasi midogo 4 yenye ncha butu, na mkasi mmoja mkubwa wa fundi
- Kalamu za kuandikia kitambaa 12
- Pasi, na cherehani ya kuazima siku moja kila wiki

Kamba na mapazia
- Waya wa kuanikia nguo uliofunikwa plastiki, milimita 3, mita 25
- Mbao 3 za inchi 2 kwa 2, urefu mita 2 kila moja
- Skrubu za pete 12, na vikaza waya 4
- Skrubu 9 za sentimita 10 na plagi zake za plastiki za milimita 8
- Vibanio vya nguo vya mbao 150
- Fimbo 6 za duara za milimita 25, urefu mita 1.1
- Bomba la plastiki la nusu inchi, vipande 6 vya sentimita 94, vizibo 12, na mchanga mkavu kilo 3
- Kulabu 12 za dari na mnyororo mwembamba

Ukumbini
- Meza mbili, mojawapo iwe na urefu usiopungua mita 2, na viti 8
- Daftari kubwa, kikapu, futi, pimamaji, drili, ngazi
- Kizima moto karibu na mlango

Usinunue kamba ya katani kwa sababu tu inapendeza machoni. Hubadilika kila hewa inapobadilika: asubuhi imekaza, jioni imelegea, na vipande vinateleza vyote hadi katikati. Selotepu na gundi ya kubandika nazo ziache dukani. Katika unyevu wa pwani huachia ndani ya siku chache, na zinapoachia hung'oa na rangi ya ukuta.

## Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kugusa ukuta

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoamua mengine yote.

Kamba ni nne, kila moja mita 5.4. Kipande kikiwa na upana wa sentimita 15 na nafasi ya sentimita 5 pembeni, kamba moja inabeba vipande 27. Kamba nne zinabeba 108.

Siku ya kufungua, vipande 36 tayari viwe vimeanikwa. Hivi tuviite mbegu. Zinabaki nafasi 72, nazo ndizo za wiki nzima. Gawa kwa siku sita za kazi, unapata vipande 12 kwa siku. Hiyo ndiyo posho ya meza: kila asubuhi weka mezani vipande 12, visizidi.

Wiki ikiisha kamba zina 108. Jumatatu teremsha 72 vya zamani zaidi, bakisha 36 vipya viwe mbegu za wiki inayofuata. Pazia moja lina miraba 72, sita kwa kumi na mbili. Hesabu inafunga yenyewe: wiki moja ya kamba ni pazia moja.

Ukusanyaji ni wa wiki sita, kwa hiyo mapazia sita na vipande 432. Ongeza 36 vitakavyobaki kwenye kamba mwishoni, unapata 468. Doti sita zinatoa 528, kwa hiyo una 60 vya akiba kwa vitakavyoharibika.

Ukumbi wako ukiwa mdogo au mkubwa zaidi, badilisha tarakimu lakini shika uwiano: theluthi moja ya kamba ni mbegu, theluthi mbili ni nafasi, na posho ya siku itokane na nafasi hizo, isitokane na idadi ya watu unaotarajia.

## Hatua ya 2: Andaa kanga

Kanga mpya ina wanga ndani yake. Ndiyo maana inasimama kama karatasi unapoitoa dukani. Wanga huo huvuta mende na wadudu wengine walao nguo, na rangi ya kanga mpya, hasa nyekundu na nyeusi, huchuja ikipata unyevu. Ukikata bila kuosha, wiki ya tatu utaona madoa ya waridi kwenye amerikani nyeupe, na hazitoki.

Loweka kila doti peke yake, osha, suuza mpaka maji yatoke meupe, kisha anika kivulini. Osha na amerikani pia. Vitambaa vya pamba hunywea, na ni heri vinywee kabla ya kukatwa kuliko baada ya kushonwa pamoja.

Sasa ukataji. Upande mmoja wa kanga una takriban sentimita 150 kwa 110. Doti ina pande mbili zenye jina lilelile, kwa hiyo fanya hivi:

1. Upande wa kwanza: kata ukanda wenye jina ukiwa mzima, upana wa sentimita 10 hivi. Uweke kando, utakuwa kichwa cha pazia. Baki yake kata miraba ya sentimita 17. Utapata 40.
2. Upande wa pili: kata wote miraba ya sentimita 17, jina likatike linavyokatika. Utapata 48.

Usiogope kukata jina kwenye upande wa pili. Herufi mbili tatu zilizobaki kwenye kipande ndizo wageni hugombania, na mara nyingi mtu humalizia neno kwa neno lake.

Kunja sentimita 1 kila upande, piga pasi, pitisha cherehani. Kipande kinabaki sentimita 15 kamili. Usiache ncha bila kukunjwa, kwa sababu kanga hufumuka nyuzi haraka na mgeni akishona karibu na ukingo mshono unang'oka. Kwa fundi mmoja hii ni kazi ya siku mbili hadi tatu.

Halafu viraka vyeupe. Watu wengi hudhani mgeni ataandika moja kwa moja kwenye kanga. Jaribu mara moja utaona: maua na rangi za kanga humeza wino, na hatua mbili nyuma hakuna kinachosomeka. Kata viraka vya amerikani vya sentimita 12 kwa 4, visipungue 500. Mabaki ya mapazia na mita mbili za ziada zinatosha.

Jaribu kalamu kabla ya kununua zote. Andika kwenye kiraka, acha siku nzima, kisha futa kwa kitambaa chenye maji. Wino ukitembea, tafuta kalamu nyingine.

Kipimo cha kufaulu: vipande kumi ukivipanga juu ya mwenzake, kingo zinalingana, na ukivisugua kwa kitambaa cheupe chenye unyevu hakipati rangi.

## Hatua ya 3: Kagua ukuta na dari

Ukuta huamua namna ya kufunga kamba, na kuta za kwetu si za aina moja.

Tofali za saruji. Rahisi kuliko zote. Toboa kwa biti ya milimita 8, kina cha sentimita 6, ingiza plagi. Kabla ya kutoboa, tazama soketi na swichi ziko wapi. Waya wa umeme kwa kawaida hupanda au hushuka wima kutoka hapo, kwa hiyo mstari huo usiuguse.

Jiwe la matumbawe na chokaa, kama nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu. Usitoboe. Chokaa ni laini, plagi haishiki, na lipu hubanduka kwa mapande. Zaidi ya hapo, miji hii miwili iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, Zanzibar tangu 2000 na Lamu tangu 2001, na kugusa kuta kunahitaji ruhusa ya mamlaka ya uhifadhi. Tengeneza fremu inayojisimamia: zile mbao tatu za wima, kila moja na mguu wa sentimita 80 mbele na nyuma, zimeunganishwa juu na chini kwa mbao za kulala ili waya ukikazwa zisivutane kuelekea katikati. Juu ya kila mguu weka mfuko wa mchanga wa kilo 10.

Kontena la chuma, kama studio za Nafasi Art Space kule Mikocheni, Dar es Salaam. Fremu inayojisimamia inafaa hapa pia. Angalia joto: saa nane mchana bati la ukuta huunguza, kwa hiyo kamba zikae mbali na chuma angalau sentimita 15.

Ukuta wa jipsamu. Gonga kwa kidole utafute mahali panapoitika kwa uzito, ndipo penye mbao nyuma. Funga hapo tu.

Kwenye dari, kila kulabu ijaribiwe. Pazia moja na fimbo zake halifiki kilo 2, lakini jaribu kwa uzito mkubwa zaidi: jaza maji dumu la lita 10, funga kifuniko, liache likining'inia saa 24. Kulabu ikishuka hata milimita, ihamishe kwenye boriti au mbao ya paa. Usifunge kwenye ubao wa dari wenyewe.

Tazama na feni. Pazia lililo chini ya feni ya dari litanaswa siku moja. Weka umbali wa mita 1 kutoka ncha ya panga la feni, au zima feni hiyo na bandika swichi yake.

## Hatua ya 4: Funga kamba

Simamisha mbao tatu wima: mbili mwisho, moja katikati, sentimita 30 kutoka kila kona ya ukuta wa mita 6. Kila mbao skrubu tatu. Hakikisha kwa pimamaji, kwa sababu kamba nne zikiinama pamoja jicho linaona mara moja.

Funga skrubu za pete kwenye urefu wa sentimita 85, 110, 135 na 160 kutoka sakafuni. Ya chini ni ya watoto na anayetumia kiti cha magurudumu. Ya juu inafikiwa na mtu mzima bila kupanda kitu.

Usiongeze ya tano juu yake. Watu huweka kazi pale mkono unapofika bila shida. Kazi ya msanii wa Slovakia Roman Ondak, *Measuring the Universe* ya 2007, ilionyesha jambo hili waziwazi: wageni walipimwa kimo ukutani, majina yakaandikwa, na baada ya muda ukatokea ukanda mweusi mzito kwenye kimo cha watu wazima, juu na chini pakiwa peupe. Kamba ya mita 2 kwako itabaki tupu, na mwenye bidii atavuta kiti apande.

Pitisha waya kwenye pete, kaza kwa vikaza. Anika vipande 27 vyenye vibanio kwenye kamba moja upime: katikati ya pande mbili za waya pasishuke zaidi ya sentimita 2.

## Hatua ya 5: Andaa mapazia

Kata amerikani vipande sita vya sentimita 100 kwa 215. Kunja sentimita 2 kila ubavu. Kunja sentimita 8 juu kwa ajili ya fimbo na 8 chini kwa ajili ya bomba. Linabaki eneo la sentimita 96 kwa 199.

Juu acha sentimita 14 za ukanda wa jina. Chini yake chora kwa penseli miraba 72 ya sentimita 15, sita kwa kumi na mbili, uandike namba ndogo katika kila mraba. Usitumie chaki. Itafutika mikononi mwa washonaji siku ya kwanza.

Jaza mabomba mchanga mkavu, ziba ncha zote mbili. Bomba moja litakuwa na gramu 300 hivi za mchanga, zinazotosha kunyoosha pazia bila kulivuta. Mchanga wa pwani ya bahari uoshwe kwanza na kukaushwa, kwa sababu chumvi huvuta maji.

## Hatua ya 6: Swali moja, tangazo moja, meza moja

Mgeni akiambiwa "fanya chochote" hafanyi chochote. Chumba cha vibandiko cha msanii wa Japani Yayoi Kusama, kilichoanza Brisbane mwaka 2002, kilimpa kila mtu kitu kimoja tu: vibandiko vya duara vya rangi. Hakuna aliyehitaji kujua kuchora. Punguza na wewe namna hiyo.

Chagua swali linalojibiwa kwa neno moja hadi matano na ambalo kila mtu ana jibu lake. "Sanaa ni nini kwako?" ni swali baya, linatisha. "Neno gani la nyumbani kwenu hulisikii tena?" ni zuri. Mzee wa Pemba ana jibu, mtoto wa shule wa Kinondoni ana jibu, na majibu yao yakikaa pamoja yanazungumza.

Tangazo liwe na mistari minne, herufi zinazosomeka kutoka mita 2:

1. Chukua kipande kimoja cha kanga na kiraka kimoja cheupe.
2. Andika au chora jibu lako kwenye kiraka.
3. Kishonee kwenye kanga, mishono minne inatosha.
4. Mwonyeshe mhudumu akupe namba, kisha anika popote palipo wazi.

Chini yake, kwa herufi ndogo zaidi, andika mambo matatu: kazi itashonewa kwenye pazia na haitarudishwa, mapazia yatakuwa mali ya nani baada ya maonyesho, na kwamba matusi, kampeni za vyama na namba za simu za watu vitaondolewa. Swali la umiliki ndilo linaloleta ugomvi mwishoni. Lijibuni kwa maandishi kabla ya kufungua, wasanii wote waliohusika wakisaini.

Meza iwe na viti vinne, mita 1.5 kutoka kamba, isiwe karibu na mlango. Ikikaa mlangoni, wanaosubiri wataziba njia na wapita njia hawataingia.

Sasa lifanyie jaribio. Ita watu watano wasiojua mradi, kaa kimya utazame. Kama watatu wameuliza swali lilelile, tangazo ndilo lenye kosa. Mtu amalize ndani ya dakika 15 bila kuelekezwa.

## Hatua ya 7: Anika mbegu

Vipande 36 vya kwanza vifanywe na wasanii, walinzi wa jengo, mama ntilie wa nje, jirani. Vitawanye, tisa kila kamba, viache mapengo yasiyo sawa. Ukivipanga mstari kuanzia kushoto, mgeni ataona kazi iliyokamilika upande mmoja na utupu upande wa pili, na atakwenda kutazama tu.

Hakikisha vipande vichache ni vya mkono usiozoea sindano: mshono umepinda, fundo linaonekana. Anayeingia na kuona kazi za mafundi watupu anarudisha mikono mfukoni.

Kila kipande kiandikwe namba nyuma, na namba hiyo iingie daftarini pamoja na tarehe. Jina la kwanza tu linatosha, kwa anayetaka. Usikusanye simu wala anwani kama huna kazi nazo. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na Tanzania ya taarifa binafsi tangu 2022, na daftari lililo wazi mezani ni taarifa za watu zilizo wazi.

## Hatua ya 8: Fungua

Fungua Jumanne jioni. Wiki yako ya kazi inaanza siku hiyo, na umati wa Jumanne unahimilika kuliko wa Jumamosi.

Posho ya siku hii ya kwanza iwe vipande 22, na siku tano zinazofuata 10 kila siku. Jumla inabaki 72. Vikiisha, mpe mgeni namba ya foleni na siku ya kurudi. Wengi wanarudi, na mara nyingi huja na mtu mwingine.

Taa ziwe za LED, umbali wa nusu mita kutoka kitambaa chochote. Kama kuna udi, chetezo kikae nje ya mlango. Vitambaa vilivyoning'inia hewani hushika moto haraka kuliko vilivyolala.

## Hatua ya 9: Kazi ya kila siku na ya kila Jumatatu

Mhudumu mmoja kwa zamu, asiwe yule yule anayekata tiketi. Nusu saa kabla ya kufungua afanye haya:

- Ahesabu sindano. Zilizotoka kumi na mbili jioni zirudi kumi na mbili. Ikikosekana moja, sumaku ipitishwe sakafuni kabla ya mtoto yeyote kuingia.
- Akaze kamba na kunyoosha vipande vilivyosogea. Asihamishe kipande kutoka mahali mgeni alipokianika.
- Apige picha moja kutoka alama iliyowekwa sakafuni, kimo kilekile, saa ile ile. Wiki nane zinatoa picha 48, na bila alama hiyo hazitafuatana.
- Aweke posho ya siku.

Siku ikizidiwa na watu, kazi za ziada ziingie kikapuni na zianikwe kesho asubuhi, zikihesabiwa ndani ya posho ya kesho. Siku ikikosa watu, usijaze nafasi kwa mikono ya wafanyakazi. Kamba yenye mapengo ni habari ya kweli ya wiki hiyo, na mraba mtupu kwenye pazia uachwe mtupu, penseli yake ikionekana.

Jumatatu, teremsha kwa namba: ya kwanza 1 hadi 72, ya pili 73 hadi 144, mpaka ya sita 361 hadi 432. Panga kila kipande kwenye mraba wake, piga bandi kwa mishono mirefu. Pini usitumie. Zinadondoka, na zikibaki kwenye kitambaa siku za mvua huacha kutu.

Pazia lililopigwa bandi litandikwe kwenye meza ndefu wiki nzima. Mgeni asiyepata posho, au aliyerudi, anakaa na kushona ukingo wa kipande cha mtu asiyemjua. Hapa ndipo ushirikiano wenyewe ulipo. Kwenye kamba watu wanapita mmoja mmoja, lakini mezani wanakaa pamoja, mtu anasoma neno la mwenzake kwa vidole, anauliza maana yake kwa aliyeketi pembeni. Usiharakishe meza hii kwa cherehani.

Jioni ya Jumapili ndipo fundi anapita na cherehani kwenye kingo zilizobaki na kushona ukanda wa jina juu. Jumatatu asubuhi pazia linapanda. Kwa hiyo la kwanza litaonekana mwanzo wa wiki ya 3, la sita mwanzo wa wiki ya 8.

Yaning'inize safu mbili za matatu matatu, safu ziachane mita 2, pembeni ibaki njia ya mita 1.2 pande zote mbili. Ncha ya chini iwe sentimita 40 kutoka sakafuni. Kulabu zote 12 ziwe zimefungwa na kujaribiwa kabla ya uzinduzi, hata kama bado hazina pazia. Kutoboa dari juu ya kazi za watu ni kumwaga vumbi la saruji kwenye kila mshono.

Ukumbi ukiwa karibu na bahari, fungua madirisha upande usio na upepo, na wakati wa masika nusa vitambaa kila asubuhi. Harufu ya ukungu hutangulia madoa yake kwa siku kadhaa. Ukiisikia, teremsha, anika kivulini penye hewa, pandisha tena vikikauka kabisa.

## Hatua ya 10: Teremsha

Piga picha kila pazia likiwa limening'inia, mbele na nyuma, kisha kila safu ya vipande kwa karibu ili maneno yasomeke. Linganisha na daftari.

Usikunje mapazia. Mikunjo hukata nyuzi mahali palepale kila mara. Toa mabomba ya mchanga, viringisha kila pazia kwenye bomba la plastiki la inchi 4 lililofunikwa kitambaa safi, upande wa kazi ukiangalia nje ili mishono isifinyane. Andika nje namba ya pazia, jina la kanga iliyo kichwani, na tarehe.

Vipande 36 vilivyobaki kwenye kamba havina pazia. Vikunjie ndani ya mfuko wa pamba pamoja na vibanio vyake, uandike "mbegu", umkabidhi atakayetundika mara ya pili.

Ng'oa mbao, ziba matundu tisa ya ukuta, paka rangi.